Kuanzia miaka 8 hadi 77 ndani ya nyumba moja: nikitaka kuhamia mji mpya, niangalie nini?

MzigoKichwani

Wakuu, habari za saa hizi. Naombeni akili zenu, zangu zimefika ukingoni.

Nina miaka 44. Nimepata kazi sehemu mbili na kote wanataka jibu kabla ya mwezi ujao kwisha. Moja iko kwenye jiji kubwa, lile la watu mamilioni. Nyingine iko kwenye mji wa kati: kazi ileile, cheo kilekile, mshahara umepungua kidogo. Ningekuwa peke yangu ningejibu siku hiyohiyo. Lakini nahama na mke wangu, mtoto wa kiume wa miaka 14, binti wa miaka 8, mdogo wangu wa miaka 23 ambaye amemaliza chuo na anatafuta kazi, na mama yangu mzazi mwenye miaka 77. Goti lake la kushoto limechoka, anatembelea fimbo.

Nilianza pale wanapoanzia watu wengi siku hizi, kwenye orodha za miji bora ya kuishi duniani. Nikachora jedwali la safu kumi na moja: usalama, hospitali, shule, usafiri, hewa, burudani na kadhalika. Nikakesha siku mbili nalijaza. Jiji kubwa likashinda kwa mbali. Nikampelekea mama aone kazi ya mwanawe. Akalitazama, akanirudishia simu, akauliza: "Huko njiani kuna pa kukaa?"

Nikadhani hajaelewa, nikaanza kumfafanulia alama za hospitali ni hizi, za mabasi ni hizi. Akanikatiza. Akasema ameelewa vizuri, ila yeye akitoka nyumbani kwenda kwenye hiyo hospitali yenye alama nyingi, goti likigoma katikati ya njia, anakaa wapi? Safu ya hilo sikuwa nayo.

Tangu hapo jedwali limenitoka moyoni. Mdogo wangu naye ameleta lake, anauliza basi la mwisho linapita saa ngapi usiku. Sasa naogopa kumwonyesha binti.

Je, mji unaomfaa kijana wa miaka 23 unaweza kuwa huohuo unaomfaa mama? Kama hauwezi, kura nimpe nani? Na mtu akipata siku mbili tu za kuutembelea mji asioujua, macho ayaelekeze wapi? Majina ya miji msinitajie, nifundisheni kutazama.

ChumbaKimoja

Kaka, mimi nina 26, acha nimsemee mdogo wako. Katika hiyo familia ndiye atakayesahaulika, maana kila mtu atasema ni mtu mzima, ana miguu, atajitafutia.

Umri wetu huu, mji mzuri ni ule unaokukutanisha na watu bila miadi. Nilihamia jiji kubwa na begi moja. Kazi yangu ya kwanza nilielekezwa na jamaa tuliyekuwa tukipishana naye kwenye ngazi za nyumba niliyopanga. Jina lake la pili silijui mpaka leo. Nilidhani ni bahati, kumbe kuna mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliyechapisha jambo hilo tangu mwaka 1973. Aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu: wakati ule mlikuwa mkionana mara ngapi? Kati ya 100, kama 17 tu ndio waliosema mara kwa mara. Zaidi ya nusu walisema mara mojamoja, na waliobaki kwa nadra sana. Ukiwaza, inaeleweka. Rafiki yako wa kufa na kuzikana anazijua habari zilezile unazozijua wewe. Yule wa kwenye ngazi anatoka dunia nyingine.

Kwa hiyo kijana anayetafuta kazi anahitaji wengi wa namna hiyo, na jiji kubwa linao. Ila usikimbilie kumpa ushindi. Kama chumba anachokimudu kiko saa mbili kutoka katikati ya jiji, hao watu atawaona kupitia dirisha la basi. Mtaliano mmoja, Cesare Marchetti, aliandika mwaka 1994 kwamba binadamu kwa wastani hutumia kama saa moja kwa siku safarini, kwenda na kurudi, na kwamba vyombo vikiongeza kasi miji hutanuka lakini saa hubaki ileile. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa natumia saa tatu na nusu. Sikuwa naishi mjini, nilikuwa naishi kituoni.

Swali lake la basi la mwisho usilidharau. Hilo basi ndilo linaloamua kama anaweza kukubali kazi ya zamu, kusoma jioni, au kukaa na watu hadi mazungumzo yanoge. Mkifika, mwacheni atoke peke yake saa nne usiku, arudi bila msaada wenu. Akichelewa msimpigie simu.

FundiTaaMstaafu

Mwanangu, mpelekee mama shikamoo yangu. Amekuuliza kitu ambacho mimi nilikijua nikiwa nimebakiza miaka michache kustaafu.

Nilikuwa fundi wa taa za kuongozea magari kwa miaka 27. Lile kabati la chuma lililoko kwenye kona, mnaloliegemea mkisubiri kuvuka, ndiyo ilikuwa ofisi yangu. Ndani yake mna sekunde. Kazi yangu ilikuwa kuzigawa: barabara hii 40, ile 35, wanaokata kulia 12, na watembea kwa miguu wapate zinazobaki. Nimesema zinazobaki kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tunapanga. Foleni ya magari ikirefuka simu inapigwa ofisini. Bibi akishindwa kuvuka hapigi simu, anarudi nyumbani.

Sisi tulifundishwa kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 18 basi inataka sekunde 15. Nimeziweka hizo 15 kwenye makutano mengi hata siyakumbuki, na sikuwahi kujiuliza huyo mtu wa mita 1.2 ni nani hasa.

Siku moja nilikuwa nimefungua kabati nabadilisha kadi iliyoungua. Mama mmoja mtu mzima akaanza kuvuka, kijani ikiwa imewaka palepale, hakuchelewa hata kidogo. Ikazimika yeye akiwa katikati. Magari yakaanza kupita mbele yake na nyuma yake. Hakupiga kelele. Alisimama juu ya mstari mweupe, mkoba ameukumbatia kwa mikono yote miwili, anatazama chini. Nikaweka nyekundu pande zote kwa mkono, jambo ambalo unatakiwa uliombee ruhusa. Akavuka. Alipofika ng'ambo akanigeukia akanishukuru kwa kichwa. Ananishukuru mimi, na zile sekunde nilizipanga mwenyewe.

Baada ya hapo nikaanza kusoma mambo ambayo hayakuwa kwenye vitabu vya kazi. Uingereza walishawapima watu wa miaka 65 na kuendelea: wanaume kwa wastani walitembea mita 0.9 kwa sekunde, wanawake 0.8. Wanawake walio wengi wa umri huo hawakufikia ile 1.2. Piga hesabu: kwa 0.8, mita 18 ni sekunde 22 na nusu, nami nilikuwa natoa 15. Marekani mwaka 2009 waliushusha mwendo katika mwongozo wao wa taifa, kutoka futi 4 kwa sekunde hadi 3.5, ambayo ni kama mita 1.07. Bado ni mwendo wa mtu mwenye magoti mazima. Waliolitazama jambo lenyewe ni Singapore. Mwaka huohuo wa 2009 walianza kufunga kifaa kwenye nguzo, mzee anagusisha kadi yake na kijani inaongezeka sekunde 3 hadi 13 kwa kufuata upana wa barabara. Kifaa chenyewe hakina maajabu, hata sisi tungekifunga kwa siku moja. Nililipendekeza kikaoni. Mkubwa wangu akasema wazee wenyewe barabarani hawaonekani wengi. Nilitaka kumjibu, nikakumbuka watoto wangu walikuwa bado shuleni.

Sasa ukienda huko, fanya hivi. Nenda kwenye kivuko cha barabara kubwa iliyo jirani na nyumba unayoifikiria. Ng'ambo zote mbili zikague: kuna mteremko wa kushukia au ukingo umekatwa wima kama ngazi? Ivuke ukihesabu hatua. Ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo hatua 24 ni mita 18. Kisha simama uhesabu sekunde tangu kijani iwake mpaka magari yaruhusiwe. Gawa mita kwa sekunde. Ukipata 0.8 au chini yake, mama anavuka. Ukipata 1.2, mtafutie nyumba upande ule ilipo zahanati, duka la dawa na majirani wa rika lake, maana upande wa pili atauona kwa macho tu. Tazama pia kama kuna kisiwa katikati, kile kipande cha kusimamia. Kisiwa kinaigawa barabara mara mbili, mzee anaivuka kwa awamu.

Barabara hiyohiyo ndiyo itakayokujibia kuhusu binti wa miaka 8. Pale Uingereza tena, mtafiti Mayer Hillman na wenzake waliangalia watoto wa miaka 7 na 8 waliokuwa wakienda shule bila mtu mzima. Mwaka 1971 walikuwa 80 kati ya 100. Mwaka 1990 wakabaki 9. Ndani ya miaka 19! Watoto hawakuwa wajinga zaidi, wazazi waliogopa magari. Na mzazi akishaogopa anampeleka mtoto kwa gari, na gari lake linamtisha mzazi mwenzake. Mimi nilikuwa naiona hiyo asubuhi kwenye kaunta zangu za kuhesabia magari: shule zikifungwa, namba zinaporomoka.

Uholanzi ilifika pabaya kuliko huko. Mwaka 1971 watoto zaidi ya 400 walikufa barabarani katika nchi ndogo ile. Wazazi wakaandamana, wakafunga mitaa, watoto wakalala chini na baiskeli zao. Hizo njia za baiskeli tunazowasifia leo hazikutokana na utulivu wa tabia, zilipiganiwa.

Na huyu kijana aliyetangulia kuandika, anayesifia watu wa kwenye ngazi, namuunga mkono, ila nimwongezee. Mtaalamu wa mipango miji, Donald Appleyard, alikwenda kwenye mitaa mitatu ya San Francisco, Marekani, iliyofanana karibu kila kitu isipokuwa magari. Mtaa wa magari 2,000 kwa siku, mkazi alikuwa na marafiki watatu pale mtaani. Mtaa wa magari 16,000, hata mmoja hatimii, 0.9. Kwa hiyo mdogo wako asipange chumba kinachotazama barabara kuu eti kwa sababu kiko karibu na kila kitu. Aingie ndani mtaa mmoja au miwili.

Kuna mengi ya kusema kuhusu vyoo vya umma, lakini mke wangu ananiambia nimeshaandika vya kutosha.

MzigoKichwani

Mzee wangu, shikamoo. Nimemsomea mama yote hayo kwa sauti. Nilipofika kwa yule mama aliyeshika mkoba alininyamazisha, akasema nirudie. Halafu akasema kuhusu vyoo uandike tu, asikusikie mkeo.

Niongeze swali: mbona hamjamgusa wa miaka 14? Au kwake mji wowote ni sawa ilimradi intaneti iwepo?

MamaPacha

Hapana baba, kwake ndipo miji mingi inapofeli, na hakuna anayeandika alama. Nitamfikia. Kwanza nimsemee mkeo, naye hukumuuliza.

Nina pacha wa miaka miwili na binti wa 13. Kigari changu cha pacha kina upana wa sentimita 76, naijua namba hii kuliko ya simu yangu. Kwa kigari hiki naweza kukueleza mji wowote ndani ya nusu saa: mlango gani wa duka haunipitishi, njia ipi imezibwa na nguzo iliyosimikwa katikati, lifti ipi ya kituo ina karatasi ya "imeharibika" iliyopauka kwa jua. Hiyo miteremko ya kwenye ukingo aliyoitaja mzee wetu, wakazi wenye viti vya magurudumu kule Berkeley, Marekani, ndio waliopigania iwekwe mji mzima mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila nikishuka na kigari naikanyaga kazi yao.

Linalonikera zaidi ni ramani ya mabasi. Itazame mkifika. Mara nyingi mistari yote inakimbilia katikati ya mji kama miguu ya buibui, kwa sababu aliyeichora alimwaza mtu wa kutoka nyumbani kwenda kazini na kurudi. Siku yangu mimi iko hivi: nyumbani, kwa mlezi, kazini, kliniki, shuleni kwa binti, duka la dawa, nyumbani. Safari fupifupi, nyingi zinakwenda ubavuni. Mhispania Inés Sánchez de Madariaga, mtaalamu wa mipango miji, anaziita safari za malezi, na anasema takwimu huzitawanya kwenye mafungu madogomadogo ya "manunuzi" na "mengineyo" hata zisionekane ni kazi. Kwa hiyo usiulize tu "kuna basi?" Uliza: kutoka shuleni kwenda kliniki bila kupitia katikati ya mji, nafikaje? Kama jibu ni mabasi mawili, mkeo atazeeka kituoni. Atakayekuwa anampeleka mama kliniki nani, wewe?

Sasa wa miaka 14. Mtoto wa umri huo ametoka kwenye bembea na hajafika kwenye ukumbi wa watu wazima. Akikaa na wenzake watano kwenye ngazi za jengo, mlinzi anawafukuza. Kila mahali pana sharti la kununua kitu. Uwanja wenyewe ukiwepo ni wa mpira, na wenye nguvu wameshauchukua. Vienna, mji mkuu wa Austria, katika miaka ya 1990 waligundua kwamba wasichana wakipita miaka 9 hivi wanapungua sana kwenye bustani za umma, wavulana wanabaki. Hawakuwahubiria wasichana. Mwaka 1999 wakazibadilisha bustani kwa majaribio, Einsiedlerpark ikiwamo: wakaongeza njia, wakaweka viwanja vya voliboli na badminton, wakaligawa eneo moja kubwa kuwa vipande kadhaa ili kundi moja lisiweze kutawala pote. Wasichana wakarudi. Binti yangu nilipomsimulia alisema "si ungewaambia na wa huku".

Kwa hiyo siku zenu mbili, tafuta wako wapi vijana wa miaka 13 hadi 16 saa kumi na moja jioni. Ukiwaona wamekaa mahali, wanacheka, hakuna anayewafukuza, mwanao ana kwa kwenda. Usipowaona kabisa, usidhani wanasoma.

Jambo dogo jingine, binti wa 8 huna haja ya kumwogopa. Mpe karatasi aorodheshe yeye. Pacha wangu wakisimama ni kama sentimita 85. Siku moja nilichuchumaa nikatazama barabara kutoka kimo chao. Ni bampa na mabomba ya moshi, basi.

Kobe_Hana_Haraka

Nitakuwa mchungu kidogo, mnisamehe.

Nilifanya kazi idara ya utumishi, kwenye kampuni iliyokuwa ikipeleka wafanyakazi nchi za nje. Hizo orodha za miji bora ndizo tulizokuwa tukizitumia, na si kwa ajili ya mama yako. Tulizitumia kukadiria posho: mfanyakazi akipelekwa mji mgumu aongezewe kiasi gani. Ile ya EIU, kitengo cha utafiti cha wenye jarida la The Economist, inagawa alama hivi: utulivu 25, afya 20, utamaduni na mazingira 25, miundombinu 20, elimu 10. Tafuta humo kodi ya nyumba. Haimo, kwa sababu mtu tuliyekuwa tunampeleka alikuwa analipiwa. Tafuta umri. Haumo. Mtu wao ana umri wa kufanya kazi, ana afya, na baada ya miaka mitatu anaondoka.

Vienna iliongoza orodha hiyo mwaka 2022, 2023 na 2024, halafu Copenhagen ikaipita mwaka 2025. Lakini jambo la Vienna ambalo mimi ningelihamia halimo kwenye alama: karibu nusu ya wakazi wake wanaishi kwenye nyumba za manispaa au zilizojengwa kwa ruzuku, na mpangaji wa nyumba ya manispaa anapewa mkataba usio na mwisho. Mtu anaingia ana miaka 25, anazeekea humo, majirani wale wale.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wote hapo juu. Mnampimia kana kwamba familia yake imepigwa picha ikagandishwa. Baada ya miaka kumi binti ana 18, wa 14 ana 24, mdogo wako labda ana mtoto wa kubeba, wewe una 54 na goti lako mwenyewe limeanza kusema. Kila mmoja atakuwa amehamia kiti cha mwenzake. Mzee akihamishwa mara tatu ndani ya miaka kumi kwa sababu mwenye nyumba kapandisha kodi, benchi na taa hazimsaidii, kila mara anaanza upya kumjua nani wa kumgongea mlango usiku. Mimi ningeuliza mambo matatu tu. Mkataba wa nyumba ni wa muda gani na nani anaweza kuuvunja? Jengo likiwa la ghorofa, lifti imewahi kukaa siku ngapi bila kutengenezwa? (Usimuulize dalali, muulize mama wa ghorofa ya nne.) Na mtaa huohuo una vyumba vidogo pamoja na nyumba kubwa, ili mdogo wako akitaka kujitenga ajitenge bila kuhama mtaa?

Na huo mji wa kati, chunguza kama kazi zote zimebebwa na mwajiri mmoja. Akifunga, wewe wa 44 na yeye wa 23 mtalala na njaa siku moja.

ChumbaKimoja

Kobe, hilo la vyumba vidogo na nyumba kubwa mtaa mmoja nalichukua. Kuna siku nilikuwa naumwa, nikajikuta natamani niishi dakika kumi kutoka kwa mama yangu. Dakika kumi lakini, si mlango wa pili.

MzigoKichwani

Wakuu, nimerudi kutoa taarifa. Tulikwenda mji wa kati Ijumaa na Jumamosi, mimi, mama, binti na mdogo wangu.

Mzee wa taa, barabara iliyo karibu na ile nyumba ina hatua zangu 27, tuseme mita 20. Tangu kijani iwake hadi magari yaanze ni sekunde 17. Nimegawa nikapata karibu 1.2 kamili, nikacheka peke yangu pale kwenye kona watu wakaniangalia. Mama, ukihesabu mwendo wake tu bila kusubiri, aliivuka kwa sekunde 26, lakini kuna kisiwa, kwa hiyo alisimama katikati mzunguko mzima akisubiri kijani ya pili. Amesema kisiwa ni kizuri, ila kimekosa chuma cha kushikilia, lori likipita upepo unamyumbisha.

Binti ndiye alipewa karatasi. Kutoka nyumbani hadi zahanati, kama mita 900, ameandika benchi nne. Mbili ameziwekea alama ya kosa kwa amri ya bibi yake: hazina mahali pa kuegemeza mkono, unakaa vizuri lakini kunyanyuka hunyanyuki. Bila kuombwa ameongeza: mbwa wakali wawili, ukuta mmoja unaofaa kutembea juu yake, na "hakuna choo popote". Mzee, karatasi hiyo ningependa ungeiona.

Dada MamaPacha, saa kumi na moja jioni niliwakuta vijana kama ishirini nyuma ya maktaba, kwenye ngazi pana, wasichana na wavulana. Mlinzi alikuwa amekaa nao. Mke wangu amenituma niulize safari ya shule kwenda kliniki: basi moja, dakika 14, kila baada ya nusu saa. Kuhusu kutomuuliza yeye mapema, hilo tumelizungumza nyumbani kwa kirefu.

Pale palipobaki pagumu ni kwa mdogo wangu. Alitoka saa nne usiku kama alivyoshauriwa. Basi la mwisho lilikuwa limepita saa tatu na dakika arobaini, akarudi kwa miguu dakika hamsini. Amesema mji ni mtulivu sana, na namna alivyolitamka hilo neno hakuwa anausifia. Yeye ameshaamua, atakwenda jiji kubwa vyovyote nitakavyojibu mimi, ameanza kutafuta chumba cha kuchangia na mwenzake wa chuo. Mama hakumpinga. Alimuuliza tu kutoka huko hadi kwetu ni saa ngapi kwa basi.

Mkataba wa nyumba ni mwaka mmojammoja, Kobe. Nimemwomba mwenye nyumba miaka mitano, ameomba muda wa kufikiri. Lifti haihusiki, ni nyumba ya chini, ngazi mbili tu mlangoni.

Wiki ijayo tunakwenda jiji kubwa kufanya hesabu zilezile ili nisionekane nimependelea. Binti ameshachukua saa yangu ya mkononi. Mama anataka tusubiri siku ya mvua, anasema anataka kuona maji yanasimama upande gani wa barabara.